Maji Ambayo Mwinjuma Hakuyaonja

Mwinjuma bin Mwishehe aliujua mtumbwi kwa sikio kabla ya kuujua kwa jicho. Alipoukuta umelala kifudifudi mchangani aliinama, akaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati mara tatu, tumboni, ubavuni na mbele karibu na omo, kisha akatulia kama mtu anayengoja kuitikiwa salamu. Mti mzima ulimjibu kwa sauti kavu na fupi. Kwa miaka thelathini jibu hilo halikumdanganya, na hata msiba ninaotaka kuusimulia haukutokana na sikio lake. Ulitokana na jambo dogo la kuonja maji, na mimi nina sehemu yangu ndani yake.

Alizaliwa Mtoni, katika nyumba zilizo nyuma ya Barabara ya Kilwa, kwa wazee wa pwani wasiokuwa na habari ya kutoka mahali pengine. Baba yake, Mwishehe, alikuwa mchonga mitumbwi. Mwana alirithi kwake tezo mbili, shoka moja na elimu ya kuhesabu siku za mwaka. Msikitini nilimjua kama mtu wa safu ya pili, asiyekaa kupiga soga baada ya swala na asiyeuliza maswali. Karakana ya vyombo vya baharini aliyofanyia kazi ilipofungwa, katika miaka ile ambayo mali za umma zilianza kuingia mikononi mwa watu binafsi, alirudi nyumbani na barua moja na boksi la misumari. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ndipo alipotafutwa na Adelard, mtu wa Bukoba, karani aliyestaafishwa kabla ya wakati wake. Wenzake walikuwa wakifungua maduka ya mitumba na mashine za kusaga. Yeye alipata wazo lililowachekesha wengi: kuweka mitumbwi minane katika hori la Mkunguni, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu ng'ambo ya mashamba ya Mbagala, na kuikodisha kwa wageni waliotaka kuzunguka kati ya mikoko.

"Watu watalipa ili wapige kafi?" Mwinjuma alimwuliza siku ya kwanza.

"Watalipa, Mzee Mwinjuma. Na wakichoka watashukuru."

Na kweli walilipa. Mwinjuma aliichonga mitumbwi yote minane kwa mkono wake, kutoka katika miembe mizee iliyoangushwa Kongowe, akahamia Mkunguni na mkewe Chausiku kuwa mlinzi, fundi na nahodha wa mahali hapo. Binti yao, Farida, alikwisha kuolewa mjini. Walijengewa kibanda cha makuti karibu na mahali ambapo kijito kinaingia katika hori. Kutoka barabara kuu hadi hapo palikuwa na mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupitia mikorosho na mihogo. Wakati wa kiangazi gari lilifika. Masika yalipoingia, udongo mweusi wa njia ile uligeuka tope linalomvua mtu viatu, na kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni hakuna mgeni aliyekanyaga Mkunguni. Ni Adelard peke yake aliyekuja, mara moja katika majuma mawili, suruali ameikunja hadi magotini, na unga, mafuta ya taa na gazeti la juma lililopita kichwani.

Miezi hiyo mitatu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, ingawa wageni hawakuijua. Mwinjuma alichonga makafi mapya, akasokota kamba za makumbi, akaziba paa. Chausiku alikausha dagaa kila jua lilipochungulia, akapigana na kima waliokuja kuiba mihogo. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba walikula chakula cha jioni ndani ya chandarua, wakipakata sahani kama watoto. Siku zilipita bila wao kusikia sauti nyingine ya binadamu. Chausiku alikuwa akisema kwamba katika masika ya kwanza walimaliza mazungumzo yote ya ndoa yao, na ya pili ikabidi waanze upya.

Lakini shughuli kubwa ya msimu huo ilikuwa kuizamisha mitumbwi. Mtumbwi wa mwembe haupendi kulala mkavu muda mrefu. Jua linalopiga kati ya mvua mbili huupasua. Kwa hiyo mababa zake Mwinjuma waliujaza mawe wakaulaza chini ya maji, mahali kijito kinapokutana na hori, kwa sababu wakati wa masika maji ya mvua huja kwa nguvu, yakaisukuma bahari nje. Maji hayo matamu hufanya kazi mbili. Huulainisha mti, na humwua mdudu. Mdudu mwenyewe ni mweupe na laini kama tambi. Huingia katika mti akiwa mdogo kuliko chembe ya ufuta, akaacha nje tundu lisilopitisha hata uzi, na hukulia ndani, akila. Chumvi ndiyo uhai wake. Katika maji matamu hufa.

Mzee Mwishehe alimwachia mwanawe masharti mawili. La kwanza lilikuwa hesabu: siku zihesabiwe kwa miongo, yaani siku kumi kumi, tangu mwaka mpya wa watu wa pwani, na mwongo wa ishirini na tano ukiingia, matayarisho yawe tayari. La pili lilikuwa ulimi: kwa siku tatu mfululizo, saa ya maji kujaa, mwenye kazi ayaonje maji ya mahali pale, na asizamishe kitu mpaka chumvi iwe imetoka kabisa. Adelard, aliyekuwa mtu wa mabati na saruji, alitaka kujenga banda. Mwinjuma alikataa. Alisema, kwa kiburi kidogo ambacho baadaye alikijutia, kwamba miti hii anaijua yeye. Kwa misimu miwili mambo yalikwenda kama alivyosema.

Mwaka wa tisini na moja siku za kuonja maji ziliangukia ndani ya Ramadhani. Jambo hilo hutokea miaka miwili mitatu tu katika kila miaka thelathini na zaidi, kwa kuwa mwezi wa funga huzunguka na mvua hazizunguki. Mara ya mwisho Mwinjuma alikuwa kijana aliyepelekwa chuoni Kisarawe, wala hakuona baba yake alifanyaje. Katika urithi ule wote, hapo ndipo palipokuwa na ukurasa uliokosekana.

Ijumaa ya mwisho ya Shaabani nilihutubu Mtoni juu ya kulinda funga. Nilikaza maneno. Nilisema kwamba anayecheza na maji kinywani mwake mchana wa Ramadhani anacheza na funga yake, na kwamba wengi huambulia njaa tu. Niliwalenga vijana waliokuwa wakisukutua mara ishirini kisimani kwa kisingizio cha udhu. Mwinjuma alikuwa safu ya pili. Aliyabeba maneno yale hadi Mkunguni, saa mbili za mikorosho na mihogo, kama mtu aliyebeba yai.

Mvua tatu kubwa zilinyesha mwanzoni mwa mwezi. Kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa. Siku ya saba ya funga Chausiku, aliyekuwa katika siku zake za udhuru na hakufunga, alishuka na sufuria zake saa ya maji kujaa. Aliporudi alimkuta mumewe anapanga mawe.

"Baba Farida, maji yale bado."

"Bado nini?"

"Bado chumvi. Nimesukutua, nimetema. Kama mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili."

"Ulimi wa mtu aliyekunywa chai asubuhi. Kila kitu kwake kina chumvi."

"Basi kaonje wewe uliyefunga."

Mwinjuma aliendelea kupanga mawe. "Unajua siwezi."

"Najua. Ndiyo maana nakupa wa kwangu. Wanaume wangapi wamepewa ulimi wa mke bure, bila kugombezwa nao?"

Alitabasamu kidogo, lakini hakusimama. "Mwongo wa ishirini na tano umeingia. Maji mafu, yale madogo, ni kesho. Nikikosa kesho, bamvua itaanza na maji yake makubwa, nitangoja juma zima, na jua hili likitoka litaipasua yote. Yatazame maji yenyewe. Bahari ina rangi ile?"

"Rangi sikuionja," alisema Chausiku. "Na baba yako alionja siku tatu. Wewe ndiye uliyeniambia."

"Baba sikumwona katika Ramadhani ya masika."

"Basi nenda Mtoni ukaulize."

"Nikaulize nini? Niende saa mbili na kurudi saa mbili, kwa funga, nikamwulize shehe kama naruhusiwa kunywa maji ya hori? Msikiti mzima utanicheka."

Siku iliyofuata aliizamisha mitumbwi saba. Wa nane, mdogo kuliko yote, aliuacha kwa matumizi yao, akawa anauvuta mchangani kila jioni.

Mvua hazikurudi kama zilivyotazamiwa. Zilikuja kwa vipande. Na kule juu ya kijito, watu waliohamia karibuni walikuwa wameweka viroba vya mchanga kuzuia maji kwa ajili ya bustani zao za mchicha, jambo ambalo miaka ya nyuma halikuwapo. Mwinjuma alianza kuona dalili. Mahali ambapo wakati wa masika hupita kambare tu, aliona mikizi wakiruka, nao ni samaki wa bahari. Alijiambia kwamba wamepotea njia.

Idi ilipofika hakuwa na kizuizi tena. Kesho yake, siku ya pili ya mfungo mosi, alishuka, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Yalikuwa matamu. Alirudi akamwambia mkewe.

"Umeonja saa ya kupwa," alisema Chausiku, akichambua mchele.

"Maji ni maji."

"Ndiyo. Na saa ni saa."

Alirudi kwenye kamba zake. Na hakushuka tena saa ya kujaa, si siku ile wala juma lile. Miezi mitatu baadaye alinieleza kwamba alikuwa akijua anachokwepa. Kila asubuhi alijishughulisha na kafi au kamba mpaka maji yalipoanza kupwa, ndipo alipokuwa na nafasi.

Aliiopoa mitumbwi katika maji mafu ya kabla ya Idi kubwa, akailaza kivulini ichuruzike. Siku ya tatu baada ya Idi aliinama juu ya mtumbwi wa kwanza, ule aliouchonga kabla ya mingine yote, akagonga tumboni. Sauti iliyomjibu ilikuwa nzito na ya karibu, kama ya ngoma iliyolowa. Akagonga ubavuni, akagonga karibu na omo. Akaenda kwa wa pili. Alipofika kwa wa saba alikuwa anagonga kwa kiganja kizima.

Kwa macho, mitumbwi ilikuwa salama. Ilikuwa na vitundu tu, kama alama za sindano, ambavyo mtu asiyejua angedhani ni sura ya mti wenyewe. Mwinjuma alikwenda kibandani akachukua sindano ndefu ambayo Chausiku alishonea majamvi, akaitia katika kitundu kimoja. Iliingia yote, bila kusukumwa.

Chausiku alikuwa amesimama nyuma yake. Hakusema kwamba yeye alikwisha kusema. Alinyoosha mkono tu kuidai sindano yake.

Jumanne iliyofuata Adelard alifika kwa baiskeli, amechangamka kuliko alivyowahi kuonekana. Njia ilikuwa imekauka. Alikuwa amepata wageni wa kwanza wa msimu, familia sita za watu wa mradi mmoja wa kigeni wanaokaa Oysterbay, jumla watu ishirini na wawili, na kumi na mmoja kati yao walikuwa watoto. Wangefika Jumamosi saa nne, maji yakiwa yamejaa, wavuke hori, wapite kwenye mkondo wa mlangoni, hori linapokutana na bahari, na kula chakula cha mchana kwenye fungu la mchanga.

"Kokuberwa ameshaagiza kuku," alisema. Kokuberwa alikuwa mkewe. "Hawa wakifurahi, Mzee Mwinjuma, wataleta wenzao, na mwaka huu tutapumua. Niambie basi, mitumbwi imelalaje?"

Mwinjuma alikuwa amekaa juu ya gogo. Alinyanyuka.

"Imeamka, Bwana Adelard."

"Alhamdulillahi, kama mnavyosema wenyewe." Adelard alicheka, akapanda baiskeli yake.

Jibu lile halikuwa uongo katika maneno yake. Mwinjuma alilitafakari kwa siku tatu na hakupata faraja ndani yake. Alijua maana ya mkondo wa mlangoni kwa mtumbwi ulioliwa. Ungevuka hori vizuri. Ungepasuka pale tu ambapo mawimbi yangeuinua omo na kuiacha chini tezi yake ya nyuma, na wakati huo ungekuwa umebeba watoto wawili au watatu. Alijua pia kwamba akisema, basi alichokijenga kwa miaka mitatu kimekwisha: kazi, kibanda, na lile neno lake kwamba miti hii anaijua yeye. Asingeweza kumlaumu mdudu. Alikuwa ameambiwa na mkewe, na akakataa kuonja.

Jumatano alichemsha shahamu, akaichanganya na chokaa kupata deheni, dawa nyeupe ambayo watu wa vyombo hupaka sehemu za chini, akaipaka mitumbwi yote saba. Vitundu vilitoweka. Mitumbwi iling'aa mchangani kama iliyotoka kuchongwa.

Chausiku alikuja kuitazama, mikono kiunoni.

"Umeipaka wanja maiti," alisema.

"Deheni huziba."

"Huziba macho. Baba Farida, Jumamosi utamkalisha mtoto wa nani katika huu hapa? Nionyeshe utakaomkalisha mjukuu wako, mie niende nikafue."

Alitazama mtumbwi hadi mtumbwi. Hakuonyesha hata mmoja.

Ijumaa alikuja Mtoni. Nilimwona katika safu yake, na baada ya swala, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuondoka. Alingoja watu wapungue, akanipa shikamoo, akakaa mbele yangu magoti pamoja.

"Nina swali la Ramadhani," alisema.

"Ramadhani imetupita, Mwinjuma. Lakini sema."

"Mtu amefunga. Kazi yake inamlazimu kujua maji kama yana chumvi, na hakuna mwengine ila yeye. Akiyaonja, funga yake imeharibika?"

Nilimjibu upesi, kama mtu anavyojibu jambo jepesi. Nilimwambia kwamba wanavyuoni wamemruhusu mpishi mwenye haja kuonja mchuzi kwa ncha ya ulimi kisha auteme, madhali hakuna kinachoshuka kooni, na wamemruhusu mama kumtafunia mtoto chakula ikiwa hana njia nyingine. Mwenye maji ni kama mwenye mchuzi. Aonje, ateme, na funga yake iko pale pale.

Aliinamisha kichwa. Nilidhani amefurahi.

"Ni neno dogo kiasi hicho," alisema.

"Dogo kabisa."

"Ile Ijumaa ya Shaabani hukulisema."

Nikakumbuka hotuba yangu. Ndipo aliponisimulia yote, tangu ile siku ya saba na sufuria za Chausiku hadi deheni ya Jumatano. Alisimulia polepole, bila kujitetea. Alipofika kwenye ile saa ya kupwa, ambayo hakuna mtu angemshitaki nayo kama asingeisema, sauti yake ilishuka.

"Sasa niambie la pili," alisema. "Mtu ameachiwa amana, ikaharibika mkononi mwake. Analipa?"

"Halipi, ila akipuuza."

"Nilipuuza?"

Si kila swali linalotoshelezwa na elimu ya mtu. Ningeweza kumwambia kwamba kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, na kwamba mimi nilikuwa na fungu ndani yake. Nilimwambia hivyo. Lakini ilinibidi nimwambie pia kwamba ile saa ya kupwa haikuwa kutojua, na kwamba deheni ni kitu kingine kabisa, kwani mwenye kujua aibu ya kitu akaificha, amekwisha kutoka katika hukumu ya bahati mbaya.

"Na watoto ni kesho," nilisema.

"Ni kesho," alisema. Alinibusu mkono, akaondoka kabla sijamwombea dua.

Jumamosi asubuhi Adelard alitangulia peke yake, na vikapu viwili nyuma ya baiskeli. Mwinjuma alikuwa amemngoja njiani, mwisho wa mihogo.

"Bwana Adelard, mitumbwi haiendi."

"Haiendi wapi?"

"Majini."

Adelard alicheka. "Mtumbwi usiokwenda majini unakwenda wapi, sokoni?"

"Imeliwa na mdudu. Yote saba."

Adelard aliacha baiskeli, akashuka hadi mchangani. Mitumbwi ilikuwa imepangwa, myeupe tupu. Alizunguka, akapitisha mkono, akagonga kama alivyozoea kumwona fundi wake anavyogonga. Kwake kila sauti ilikuwa sauti ya mti.

"Mbona mizima hii?" Alimtazama Mwinjuma, na uso wake ukabadilika. "Mzee, kama ni habari ya nyongeza, tungekaa tukaizungumza. Usinifanyie mgomo leo, wageni wako njiani na watoto wao."

Mwinjuma alikwenda ukutani kwa kibanda, akachukua shoka la baba yake, akasimama juu ya ule mtumbwi wa kwanza. Pigo lake halikuwa kubwa. Mti haukupasuka kama mti unavyopasuka. Ulizama, ukaachana, na ndani yake ukaonekana kama mkate wa kumimina uliokatwa ungali moto, matundu kwa matundu, na katika baadhi ya matundu wale wadudu weupe wangali wanajikunja. Akaenda kwa wa pili akaupiga. Akaenda kwa wa tatu.

"Basi," Adelard alisema. "Nimeona. Basi."

Alichuchumaa, akaokota kipande, akakiminya kikawa unga kati ya vidole.

"Umejua tangu lini?"

"Siku kumi."

"Jumanne nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa."

"Nilikuuliza imelalaje."

"Uliniuliza. Nikasema imeamka."

Adelard aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama karani anayesahihisha karatasi. Chausiku alikuwa mlangoni.

Wageni walipofika saa nne Adelard aliwaambia kwamba vyombo vimeharibika, akaomba radhi, akasema uliopo ni mmoja. Kwa hiyo Mwinjuma aliwatembeza watoto katika ule mtumbwi mdogo, wawili wawili, ndani ya hori tu, akiusukuma kwa pondo, kwenda hadi mikoko ya kwanza na kurudi, tangu saa nne hadi maji yalipomwacha. Hakupumzika wala hakula. Mtoto mmoja aliyengoja zamu yake alitia kidole katika tundu la mtumbwi uliopasuliwa, kikaingia chote, akacheka, akawaita wenzake waje waone.

Jioni, gari lilipokwisha kuondoka, Adelard alifunga vikapu vyake. Kuku wengi walikuwa hawajaguswa.

"Sikuachishi kazi kwa ajili ya mdudu," alisema. "Mdudu ni wa Mungu, na mimi mwenyewe nilikubali uizamishe. Wala si kwa maji. Mtu anaweza kukosea maji. Nakuachisha kwa ajili ya Jumanne."

"Ni haki yako," alisema Mwinjuma. "Nipe siku tatu niichome."

"Ya nini kuichoma? Iache ioze."

"Nikiiacha, watu wa bustani wataiokota. Watasema imetupwa, wataitia majini. Ina deheni mpya, itawavutia."

Adelard alimtazama. "Choma," alisema.

Mbao zilizolowa haziungui kwa hiari. Aliipasua vipande, akaipangia makuti makavu, na moshi mweupe ulilala juu ya hori siku zote tatu, mchana kutwa. Chausiku alifunga vyombo vyao katika majamvi. Siku ya tatu Adelard alikuja kuchukua funguo, akakuta mtumbwi wa mwisho bado unafuka. Hakuondoka. Aligeuza ndoo akaikalia, Chausiku akampa chai, na wote watatu wakatazama moto.

"Huu mdogo uchukue," Adelard alisema, akionyesha ule wa nane. "Utakufaa."

"Sijui nitauchukua kama kitu gani," alisema Mwinjuma. "Ujira umeshanilipa. Na zawadi, kwa lipi?"

"Mwache, Bwana Adelard," alisema Chausiku. "Akiuchukua atakuwa akiugonga kila asubuhi, na mie sina nguvu za kusikia."

Adelard alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akamwaga masalia ya chai mchangani.

Biashara ile haikusimama tena. Niliambiwa kwamba Adelard aliuuza mtumbwi mdogo, akaingia katika duka la vifaa vya ujenzi na ndugu yake, na kibanda cha Mkunguni kikachukuliwa na mchwa. Mwinjuma alipata kazi Keko, kwa mafundi wa kandokando ya barabara, akawa anachonga miguu ya vitanda na mbao za vichwani. Ni kazi ya kheri. Niliwahi kupita nikamkuta anafanya kazi vizuri na haraka, na sikumwona akigonga mti hata mmoja. Nilimsalimu, tukaulizana hali, akaniambia Farida amejifungua mtoto wa kiume. Sikumwuliza zaidi.

Mwaka uliofuata Ramadhani iliangukia tena katika masika. Ijumaa ya mwisho ya Shaabani nilipanda mimbari na hotuba ile ile, lakini niliongeza maneno machache juu ya mwenye haja na ncha ya ulimi, nikayarudia mara mbili ili wa nyuma wasikie. Mwinjuma alikuwa safu ya pili. Hakuinua kichwa. Baada ya swala aliondoka miongoni mwa watu wa kwanza, na viatu vyake mkononi.